Kiraka Kikubwa Kuliko Tundu: Historia Fupi ya Kutengeneza Chombo Kilichovunjika, Kutoka Mtepe Hadi Ubao wa Povu

Ukishuka basi Hedaru, kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, mawimbi huyaoni. Unaona milima ya Upare upande mmoja, tambarare kavu yenye miiba upande mwingine, na reli ya Tanga ikipita hapo hapo. Bahari iko karibu kilomita 200 kwa barabara. Sasa inakuwaje makala kuhusu kutengeneza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, ule wenye povu ndani na faiba nje, ianzie Hedaru?

Kwanza, mwangalie fundi pancha yeyote wa pikipiki kando ya barabara ile. Hachukui kiraka na kukibandika tu. Anazamisha tyubu kwenye karai la maji mpaka aone mapovu yanatokea wapi. Anaifuta ikauke kabisa. Anakwaruza kwa msasa eneo pana kuliko tundu lenyewe. Anapaka gundi, anasubiri kidogo, ndipo anaweka kiraka, na kiraka chake kila mara ni kikubwa kuliko tundu. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia kwamba kiraka kidogo kitang'oka njiani. Kisayansi, jibu lake ni sahihi kabisa.

Kausha, ondoa kibovu, kwaruza, funika eneo pana. Hatua hizo nne utazikuta kwa mafundi wa vyombo vya baharini kila mahali, kila mmoja kwa namna yake. Kilichobadilika kwa karne nyingi ni vitu viwili: nyuzi zinazotumika na gundi inayozishika. Kila vilipobadilika, swali moja lilibadilika pia: nani ana uwezo wa kutengeneza chombo chake mwenyewe? Hilo ndilo swali la makala hii, na watu wa Same na Upare lina historia nao kuliko wanavyodhani.

Pwani iliyoitwa kwa jina la kushona

Tuanze mbali. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za bahari yetu, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake anataja soko la mwisho la pwani ya huku, Rhapta, na anasema jina hilo linatokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wanahistoria bado wanabishana: wapo wanaosema karibu na mdomo wa Mto Pangani, wapo wanaosema kusini zaidi, karibu na Dar es Salaam au Rufiji. Lakini angalia jambo lenyewe. Moja kati ya majina ya kale kabisa ya mahali katika pwani hii lililoandikwa, ni jina linalotaja namna ya kuunganisha mbao.

Chombo kilichoshonwa ambacho Waswahili wamekikumbuka zaidi ni mtepe, wa visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa ili maji yasipite. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Mwingereza James Hornell aliandika makala ndefu kuhusu mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, wakati vyombo hivyo vilikuwa vimeshatoweka baharini.

Kushona kulikuwa na faida gani? Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza jambo hilo alipozungumzia kamba za nazi za Maldivi. Alisema bahari ya Hindi ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ila kilichoshonwa hulegea kidogo na kupona. Mwanafunzi wa uhandisi wa leo angesema hivi: nguvu ya pigo inagawanywa kwenye mishono mingi, na kila mshono unanyooka kidogo badala ya sehemu moja kubeba pigo lote.

Ubaya wake je? Kamba ya nazi huoza na kulegea, kwa hiyo mtepe ulivuja, na watu walikuwa na kazi ya kukumba maji. Mishono ilibidi ikaguliwe na kushonwa upya. Lakini matengenezo yenyewe hayakumhitaji mtu wa mbali. Ubao ukipasuka, unakata mishono, unatoa ubao, unachonga mwingine, unashona. Mnazi uko uani. Fundi yuko kijijini. Chombo kilikuwa kibovu mara nyingi, na mara nyingi kilitengenezeka.

Pamba, sifa na deheni

Vyombo vya misumari, mashua na majahazi, vilikuja na namna nyingine ya kuzuia maji: kalafati. Mpaka leo ukienda ufukweni maji yakipwa, Pangani, Tanga au Unguja, utasikia mlio wake: ngo, ngo, ngo. Fundi anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaipigilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nje, chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa au samaki wengine. Chini, sehemu inayozama, hupakwa deheni: chokaa iliyochanganywa na shahamu. Deheni inazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Kalafati inatumia ujanja mmoja mzuri. Mbao na pamba vyote vikilowa vinavimba. Kwa hiyo chombo kikirudi majini, maji yenyewe yanakaza kiraka. Ndiyo maana jahazi lililokaa juani miezi mingi huvuja siku za mwanzo, halafu linatulia lenyewe.

Weka hilo akilini, kwa sababu kwenye ubao wa povu mambo ni kinyume kabisa. Huko maji ni adui wa kiraka, hayakazi chochote.

Ila tazama hatua za fundi wa kalafati. Anasubiri maji yapwe na chombo kikauke. Anakwangua pamba ya zamani na mbao iliyooza. Anajaza, kisha anapaka juu eneo pana. Ni yule yule fundi pancha, vifaa tu ndivyo vingine. Na vifaa vyake vingi vilipatikana karibu: pamba ya shambani, mafuta ya papa aliyevuliwa, chokaa ya matumbawe yaliyochomwa.

Nyuzi zilizopita Hedaru

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli, na mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge. Mmea huo asili yake ni Meksiko. Jina ambalo dunia inaliita, sisal, ni la bandari moja ya Yucatán. Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyobadilisha nchi.

Reli ilipanda taratibu, Muheza, Korogwe, Mombo, ikapita chini ya milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911. Mkonge ulifuata reli. Ukitoka Hedaru kwenda Same unapita Makanya, na huko mkonge ungali unalimwa. Ukienda upande wa Tanga, unakutana nao tena na tena. Uzi mweupe uliokwanguliwa kwenye majani yale ulipakiwa kwenye mabehewa, ukashuka hadi bandarini, ukawa kamba za meli, magunia na kamba za kufungia nyasi kavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani.

Kwa maneno mengine, kwa miaka mingi ukanda huu wa nchi kavu ndio uliokuwa ukitoa nyuzi za kufungia vyombo vya dunia. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge na ilikuwa inaongoza duniani. Halafu ikaporomoka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na usimamizi wa mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ni mojawapo inayojadiliwa sana. Lakini pigo kubwa la soko lilitoka maabara: kamba za polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, zilikuwa nyepesi, hazikuoza, na bei yake ilikuwa chini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000.

Wazee wa ukanda huu wanaikumbuka hadithi hiyo kama hadithi ya ajira zilizopotea. Ni kweli. Lakini ina upande mwingine. Kiwanda cha kemikali kilichozaa kamba ya plastiki kina ndugu wawili, na ndugu hao ndio waliozaa ubao wa mawimbi wa leo: rezini na povu.

Jinsi mbao ilivyogeuka povu

Mbao za mawimbi asili yake ni Wapolinesia, hasa Hawaii, ambako zilichongwa kutoka gogo. Zilikuwa nzito kweli. Katika miaka ya 1930 watu wa Hawaii na California walianza kutumia mti mwepesi wa balsa, na Tom Blake akatengeneza mbao zenye uwazi ndani. Kasoro zilikuwa mbili: balsa inanyonya maji, na ubao wenye uwazi unavuja.

Wakati huo huo, bila kuhusiana kabisa na bahari, wanakemia walikuwa kazini. Mwaka 1932, huko Marekani, Dale Kleist wa kampuni ya vioo ya Owens-Illinois alikuta kwa bahati kwamba hewa yenye kasi inaweza kugeuza kioo kilichoyeyuka kuwa nyuzi nyembamba sana. Hiyo ndiyo faiba. Mwaka 1937 Otto Bayer wa Ujerumani alivumbua poliurethani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 rezini za poliesta na epoksi nazo zilizaliwa. Vita Kuu ya Pili ikavisukuma vyote mbele, maana ndege na mashua za kijeshi zilihitaji vitu vyepesi na imara.

Vita vilipokwisha, vitu hivyo viliingia mitaani. Mafundi wa California walianza kufunika balsa kwa kitambaa cha faiba na rezini. Bob Simmons, aliyesomea uhandisi, akaenda hatua moja zaidi: aliweka povu la polistirini katikati na kulifunika kwa mbao nyembamba. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark walifanikiwa kutumia povu la poliurethani, na kuanzia hapo balsa ikaanza kusahaulika. Kampuni ya Clark ikawa inauza sehemu kubwa mno ya viini vya povu vya Marekani. Mwezi Desemba mwaka 2005 aliifunga ghafla. Watengenezaji wengi wakabaki mikono mitupu kwa siku moja, na ndipo wengi wakahamia kwenye polistirini na epoksi. Ukinunua leo ubao mgumu wa kasia, ule ambao mtu anasimama juu yake na kupiga kasia, mara nyingi ndani kuna polistirini.

Unayajua mapovu haya tayari, hata kama hujawahi kufika ufukweni. Poliurethani ni jamaa wa karibu wa godoro lako. Tofauti ni kwamba vijumba vya hewa vya godoro viko wazi, ndiyo maana linabonyea na kunyonya maji, wakati vya ubao vingi vimefungwa na povu lake ni gumu. Polistirini ni lile povu jeupe linalokuja limebana televisheni ndani ya boksi, linalomeguka punje punje.

Ubao ni mkate wa sandwichi

Ili kutengeneza kitu ni lazima kwanza ujue kinafanyaje kazi. Ubao wa povu una ngozi mbili ngumu za faiba, ya juu na ya chini, na povu jepesi katikati. Ukiukunja, ngozi moja inavutwa na nyingine inabanwa. Kazi ya povu ni kuziweka mbali mbali na kuzizuia zisijikunje. Ukiongeza umbali kati ya ngozi mara mbili, ugumu wa kukunjika unaongezeka karibu mara nne, na uzito unaongezeka kidogo tu. Huo ndio uchawi wa sandwichi.

Sasa unaelewa kwa nini tundu dogo ni hatari. Povu lenyewe halina nguvu. Ngozi peke yake inajikunja kama karatasi. Vinasaidiana mradi vimeshikana. Maji yakiingia, yanaharibu mshikamano huo, ngozi inabanduka, na ubao unavunjika siku nyingine mahali ambapo pengine hukudhania.

Na maji yana uzito. Chukua ubao mdogo wenye ujazo wa lita 30. Povu la polistirini la kilo 25 kwa mita moja ya ujazo litakuwa na uzito wa gramu 750 tu. Ukinyonya lita moja ya maji, umeongeza kilo nzima, zaidi ya uzito wa kiini chote.

Matengenezo ya nyumbani, hatua kwa hatua

Tuseme ubao umevunjika vibaya: ngozi imepasuka, povu limemeguka, na maji yameingia. Mafundi wanafanya hivi.

*Kausha.* Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Wanafungua jeraha, wanaliinamisha chini, na kuuacha ubao kivulini penye upepo kwa siku nyingi, hata wiki. Kivulini, si ndani ya gari lililofungwa juani: hewa na mvuke ndani ya povu vikipata joto vinapanuka na kuisukuma ngozi ibanduke zaidi. Kipimo rahisi ni mizani. Pima ubao kila siku mbili tatu. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Kama maji yalikuwa ya chumvi, jeraha huoshwa kwanza kwa maji baridi ya kawaida, kwa sababu chumvi inayobaki inavuta unyevu.

*Ondoa kibovu.* Kata ngozi yote iliyobanduka hadi ufike pale iliposhika vizuri. Igonge kwa kidole: palipobanduka panalia kwa sauti tofauti, butu na tupu. Kata povu lililobonyea au kubadilika rangi, ubaki na shimo lenye kingo safi. Watu wengi wanaona huruma hapa, wanataka kuokoa kila kipande. Ukiacha povu bovu chini ya ngozi mpya, umejenga nyumba juu ya tope.

*Jua povu lako.* Kabla ya kumimina chochote, tambua kiini ni cha aina gani. Rezini ya poliesta ina kimiminika kiitwacho stirini, na stirini inayeyusha polistirini. Jaribu kudondoshea petroli kidogo kwenye kipande cha povu la televisheni, uwanjani, mbali na moto: linazama na kupotea. Poliesta itafanya vivyo hivyo kwa kiini cha ubao, na shimo la ngumi litakuwa shimo la kichwa. Kwa polistirini tumia epoksi. Kwa poliurethani unaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili. Kama huna hakika, epoksi ni salama kwa yote mawili.

*Jaza.* Shimo kubwa hujazwa kwa kipande cha povu la aina ile ile, kilichochongwa kikae sawa na kugandishwa. Shimo likijazwa rezini tupu linakuwa gumu kama jiwe katikati ya kitu laini, na ufa mpya utaanzia pembeni mwa jiwe hilo. Tena rezini nyingi ikiganda kwa pamoja inatoa joto kali, inaweza hata kutoa moshi na kuunguza povu. Kwa mashimo madogo, rezini huchanganywa na unga mwepesi wa kujazia hadi iwe kama uji mzito.

*Kwaruza.* Piga msasa ngozi ya zamani kuzunguka jeraha, kiasi cha sentimita 5 kila upande, hadi ipoteze mng'ao wote. Gundi haishiki kwenye uso unaoteleza. Futa vumbi. Ni tyubu ya pikipiki ile ile.

*Funika eneo pana.* Kata vitambaa viwili au vitatu vya faiba, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine, ili kiraka kipungue unene taratibu kuelekea pembeni. Gundi haibebi mzigo kwa unene wake, inabeba kwa eneo. Kiraka kikiwa kipana, mzigo ule ule unagawanyika kwenye sentimita nyingi za mraba. Na kingo zikipungua taratibu hakuna mstari mmoja ambapo nguvu zote zinakutana. Ubao uliokatika vipande viwili hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa upana zaidi: vipande vinanyooshwa na kugandishwa, vijiti vya mbao vinalazwa ndani ya mifereji inayovuka mkato, kisha faiba inazungushiwa ubao mzima.

Vipimo vya dawa ya kugandishia visichezewe. Poliesta inahitaji kiasi kidogo, takriban asilimia 1 hadi 2, na kwenye joto la tambarare ya Same unakaa upande wa chini. Epoksi ina kipimo chake maalumu kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza dawa hakuharakishi kuganda, kunaharibu tu uwiano na kiraka kinabaki laini. Vaa glavu na barakoa, fanya kazi penye hewa. Vumbi la faiba linawasha ngozi na kuumiza mapafu, na epoksi mbichi inaweza kumpa mtu mzio wa kudumu.

Hili linamhusu nani?

Msomaji wa Hedaru anaweza kusema: sawa, nimeelewa, lakini mbao hizi ni za watalii wa Paje na Diani, mimi zinanihusu nini?

Jibu liko kwa wavuvi. Miti mikubwa ya kuchonga ngalawa na ya kupasulia mbao za mashua inazidi kuwa adimu. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikigawa boti za kisasa za faiba kwa mkopo wa masharti nafuu, baharini na kwenye maziwa. Hatua chache kutoka Same, kama unavyopima umbali huku kwetu, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto huo huo wa Pangani unaopokea maji ya milima hii, na watu wanavua humo. Boti ya faiba haitumii kalafati. Ukiipigilia pamba, unapanua ufa. Mvuvi aliyejifunza kwa babu yake namna ya kuponya mashua anaweza kujikuta mbele ya boti ya mkopo iliyopasuka akiwa hana la kufanya, na mkopo unaendelea kudai.

Fundi anayejua kuponya ubao wa povu ana sehemu kubwa ya ujuzi wa kuponya boti hiyo: rezini ile ile, faiba ile ile, kanuni zile zile za kukausha, kukwaruza na kupishanisha tabaka. Kule pwani ujuzi huo unaingia kupitia michezo ya watalii. Huku bara upo tayari kwenye gereji, kwa mafundi wanaoziba bampa za faiba. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwaambia fundi wa bampa na mvuvi kwamba kazi yao ni moja.

Hapo ndipo mkonge unaporudi kwenye hadithi. Kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakijaribu kuweka nyuzi za mimea ndani ya rezini mahali pa faiba ya kioo. Mwaka 2002 Leonard Mwaikambo na Martin Ansell walichapisha utafiti kuhusu kuosha nyuzi za katani, mkonge, juti na sufi kwa kemikali ya alikali, ili kubadilisha uso wa nyuzi ushikane vizuri zaidi na rezini. Ukitafakari, ni msasa wa fundi pancha, safari hii kwa kemikali.

Tusidanganyane lakini. Uzi wa mkonge una nguvu ya kuvutwa ya kama megapaskali 400 hadi 700. Wa kioo unavuka 2,000. Mkonge ni mwepesi, karibu gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 2.5 za kioo, na hilo linapunguza pengo bila kulifuta. Tatizo kubwa ni maji: uzi wa mmea unayanyonya na kuvimba. Kwenye jahazi tulisema kuvimba ni rafiki. Ndani ya rezini kunapasua mshikamano. Kwa hiyo kiraka cha mkonge kisichofunikwa vizuri, chini ya mstari wa maji, hakitadumu. Kwa paneli za ndani, viti, vifuniko na sehemu zisizozama, inawezekana, na viwanda vya magari huko nje vimeshatumia nyuzi za mimea kwenye paneli za milango.

Mtepe ulikuwa dhaifu kuliko boti ya faiba kwa vipimo karibu vyote. Uliishiwa nguvu, ulivuja, ulioza. Lakini kila kilichohitajika kuuponya kilikuwa ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu. Boti ya faiba ina nguvu mara nyingi zaidi, na siku inapopasuka, kopo la epoksi linatoka mbali. Hatuwezi kurudi kwenye kamba za nazi, na hakuna sababu ya kurudi. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba boti zinapogawiwa, somo la kiraka linagawiwa pamoja nazo: siku mbili tatu za mafunzo, kopo la rezini, mita chache za kitambaa, na mtu wa kuonyesha kwa nini lazima usubiri ikauke.

Mafundi wa kutoa somo hilo wapo. Baadhi yao wako kando ya barabara ya Hedaru sasa hivi, wamechutama mbele ya karai la maji, wakitafuta mapovu yanatokea wapi.